Uzi: Mliouliza kuhusu kutembelea Waaborijini Australia, njooni. Nimempeleka mjomba wangu Uluru, nikarudi na ya kusimulia

Muuguzi wa Jangwani (mleta uzi)

Salaam wakuu. Miaka yote humu mimi ni msomaji tu, nachungulia na kutoka. Lakini juzi kwenye uzi wa visa kuna ndugu aliuliza kama akifika Australia anaweza kuwaona Waaborijini "wakiwa kwenye mazingira yao". Watu wakamvamia kwa kejeli, akapotea. Nimeona nimjibu kwa kirefu, maana mimi ni muuguzi Alice Springs, mji ulio katikati ya jangwa, ambao wenye ardhi yao, Waarrernte, wanauita Mparntwe. Hao mnaowaulizia nawahudumia wodini kila siku, na mazingira yao ni pamoja na supamaketi na foleni ya benki.

Tena ukisema "Waaborijini" ni kama kusema "Waafrika". Waingereza walipoweka koloni mwaka 1788 palikuwa na lugha zaidi ya 250. Wa hapa Mparntwe na wa kule Uluru ni watu wawili mbalimbali, na mgeni wa Kiarrernte akienda Uluru naye ni mgeni, anasubiri kukaribishwa.

Sasa safari yenyewe. Alikuja mjomba wangu kutoka Tanga, mstaafu wa reli, mzee wa kofia na maswali. Alishaona Uluru kwenye kalenda, lile jabali jekundu, na alichotaka ni kimoja: apande juu, apigwe picha, aipeleke barazani. Nikamwambia mjomba, kupanda kumefungwa tangu tarehe 26 Oktoba 2019. Akanuna mpaka Erldunda, kituo cha mafuta cha njiani. (Kwa wasiojua: kutoka Alice Springs mpaka Uluru ni kama kilomita 450. Watu wanatua hapa na ndege wakidhani jabali liko nyuma ya uwanja.)

Nilikuwa nimelipia matembezi ya nusu siku na familia moja ya Waanangu, ndio wenye eneo lile. Jioni yake simu ikaja: kesho hakuna matembezi, kuna msiba. Pale hotelini kulikuwa na wageni wengine walioahirishiwa vilevile, na mmoja alikuwa anafoka kama mtu aliyekosa treni kwa uzembe wa wengine. Mjomba akaniuliza huyu bwana anasemaje. Nikamtafsiria. Akasema, "Msiba? Basi." Halafu akaniuliza rambirambi apeleke wapi.

Huku msiba unasimamisha kila kitu, na aliyefariki jina lake halitajwi kwa muda mrefu. Hata aliye hai mwenye jina kama la marehemu anabadilishiwa: Waanangu watamwita Kunmanara, Waarrernte watamwita Kwementyaye. Wodini niliwahi kuwa na watatu wanaoitwa Kwementyaye kwa wakati mmoja. Ukiita jina, unasoma na namba ya faili. Ndiyo maana kabla ya maonyesho au filamu nyingi huku wanatoa onyo kuwa mna picha na sauti za waliokufa. Picha za msibani tunazozitupia kwenye magrupu, huku ungefukuzwa.

Basi kesho yake tukaenda kwenye matembezi ya Mala ambayo wahifadhi wa hifadhi wanaongoza asubuhi, bure, ukishalipa kiingilio. Mnatembea taratibu chini ya jabali, pango hadi pango. Pango la akina mama la kusaga nafaka na kupikia. Pango la wazee. Halafu mkafika pango la vijana, Kulpi Nyiinkaku, ambako wazee waliwafunda wavulana kabla ya kuwapeleka porini, na michoro bado ipo ukutani kama ubao wa mwalimu. Mjomba akanigusa bega: "Jando hili." Nikamwambia eeh mjomba, jando.

Hapo ndipo alipoelewa habari ya kupanda. Kwa simulizi yao, watu wa Mala walifika hapo zamani za mwanzo wa dunia kufanya inma, yaani ngoma ya ibada, wakasimika mlingoti wao juu ya jabali. Njia ile watalii waliyokuwa wanapandia, iliyowekewa mnyororo, ndiyo njia ya hao wanaume wa Mala. Wewe unapanda na chupa yako ya maji na kaptula. Mhifadhi akaeleza mpaka mahali fulani, akasema kuanzia hapo hadithi si ya watu wote. Akageuka, akaendelea na habari ya mti. Ya jando hayasimuliwi sokoni, mjomba hakuuliza tena. Mchana tuliingia kivulini tukala wali wetu wa nazi uliolala.

Kuna sehemu za jabali zina kibao cha kukataza picha. Mikunjo ile ya mwamba kwao ni kama maandiko, inatakiwa isomwe palepale, na anayestahili. Mjomba akaifunga simu akaitia mfukoni mwa ndani. Mimi mwenyewe nimeishi hapa miaka sita na nilikuwa nazipiga zamani, kwa ujinga. Nilizifuta usiku ule.

Ulizeni, nikitoka zamu najibu.

Mla Embe

Naweka kambi hapa. Mjomba apewe maua yake.

Gaidi wa Mto wa Mbu

Dada umeandika vizuri. Mimi ni gaidi wa watalii (watalii jamani, msinitumie polisi) mwaka wa kumi na mbili sasa, na swali langu ni moja tu: hela anakula nani? Maana huku kwetu nimepeleka wageni kwenye maboma ya Wamasai na kwa Wahadzabe kule Eyasi, na naijua ile hesabu. Mgeni analipa, kati yake na mwenyeji kuna mikono minne, na mwenyeji anaruka dakika ishirini kisha anauza shanga. Huko ikoje? Au ni yale yale ila kwa dola?

Muuguzi wa Jangwani

Kaka swali zuri, na jibu lake lina mchanganyiko.

Uluru walirudishiwa kwa hati tarehe 26 Oktoba 1985. Masharti yalikuwa papo hapo waikodishie serikali ardhi hiyo kwa miaka 99 iwe hifadhi ya taifa. Waanangu wanapata kodi ya mwaka na asilimia 25 ya mapato ya kiingilio, na kwenye bodi ya hifadhi wao ndio wengi. Bodi hiyo ndiyo iliyopiga kura mwaka 2017 kufunga upandaji, na siku iliyochaguliwa ikawa kumbukumbu ile ile ya kurudishiwa ardhi. Wiki za mwisho watu walipanga foleni kupanda kama wanagombea mafuta ya taa. Waanangu walikuwa na jina lao la hao wapandaji: minga. Sisimizi.

Lakini hoteli zile za Yulara, mji wa watalii karibu na jabali, ni hadithi ndefu. Zilinunuliwa na shirika la umma lililoundwa kununulia ardhi wenyeji asilia, likaajiri na kufundisha vijana kutoka pande zote za nchi, na hilo lilikuwa jema. Ila ukienda kijiji cha Mutitjulu, pembeni ya jabali, huoni utajiri. (Huingii bila kualikwa vilevile.) Kwa hiyo mikono minne ipo, kaka, imevaa glavu tu.

Kitu ninachowaambia wageni wangu ni kuuliza kabla ya kulipa: kampuni ni ya nani? Si nani anavaa sare, ya nani. Mimi nimeshawahi kupanda basi moja ambalo dereva, kijana wa kizungu aliyefika jangwani miezi mitatu nyuma, alitusimulia hadithi za nyota za Waanangu kwa saa nzima kwenye kipaza sauti. Aliongea vizuri, simkatai. Ila alikuwa anauza mali ya watu, na mwenye mali hakuwamo kwenye basi.

Kifaa Chakavu

Mimi nawaza tofauti. Hizi zote ni kujikosha. Wazungu waliwaua, wakawanyang'anya watoto, leo watalii wanafukizwa moshi wa makaribisho na kuambiwa "karibuni nchini kwetu". Nchi gani? Si juzi tu 2023 walipiga kura ya maoni kuwapa hao watu chombo cha kusikilizwa na bunge, asilimia 60 wakasema hapana? Mnaenda kuangalia msiba wa watu kwa tiketi.

Muuguzi wa Jangwani

Mkuu hujakosea mahali. Ongeza na hili: Mei 2020 kampuni ya madini ya Rio Tinto ililipua mapango ya Juukan kule Pilbara, Australia Magharibi, yenye ushahidi wa watu kuishi kwa miaka 46,000, wapanue mgodi wa chuma. Na walikuwa na kibali cha sheria. Wakubwa watatu waliachia ngazi baadaye, mapango hayakurudi.

Lakini nikuulize, wale mama wa Kianangu wanaokaa chini na kundi la wageni kuwafundisha kuchora, unataka waache? Mmoja aliniambia pale Yulara kuwa asipokuja kazini hapo, kazi nyingine ni mji wa mbali, na huko wajukuu hawasikii lugha. Hilo la "msiba wa watu kwa tiketi" nitalibeba, limeniuma kidogo. Ila ngoja na wao waseme wanachotaka kuuza na wasichotaka.

Kifaa Chakavu

Sawa. Sijakubali, ila sawa.

Mama Furaha Melbourne

Bandugu, miye niko Melbourne, natoka Uvira kwa asili. Huku kusini hakuna jangwa, lakini nawapa kitu cha kwenda kuona: Budj Bim, ni nchi ya Wagunditjmara, kama saa ine na gari toka Melbourne.

Tulienda na kikundi cha kanisa. Pale volkano ilimwaga mawe ya moto zamani, mawe yakapoa, na hao watu wakachonga mifereji ndani ya mawe yale, wakajenga na kuta za mawe, maji yaingie na mikunga iingie, inenepe mle ndani, halafu inavuliwa kwa vikapu virefu vya kusuka. Ufugaji wa samaki! Wataalamu wamepima mifereji ile wakasema miaka 6,600. Na nyumba zao za mawe, misingi inaonekana. Miye nilifundishwa shuleni hapa, kwenye darasa la lugha la wakimbizi, kama hao watu walikuwa wanatangatanga tu. Kijana aliyetuongoza akasema kama hicho ndicho walichoandika ili waseme nchi haina mwenyewe.

UNESCO imeiandika mwaka 2019. Na pale ziwani Tae Rak wako na jengo jipya na mgahawa, wanauza mkunga wa kukausha kwa moshi. Mama yangu alionja akasema hii ni samaki ya kwetu, wameikosesha tu pilipili.

Gaidi wa Mto wa Mbu

Mama Furaha, umenipa kitu cha kuwaambia wageni wangu wa Australia wakija tena na yale maneno yao kuhusu "watu wa porini".

Omwana wa Kashozi

Chakula ndiyo mada yangu. Ni kweli wanakula mafunza? Naulizia kwa heshima, sisi watu wa senene hatucheki mtu.

Muuguzi wa Jangwani

Hahaha, ndugu wa senene karibu. Si mafunza, ni kiwavi mkubwa mweupe anayekaa kwenye mizizi ya aina fulani ya mgunga. Kwa Waanangu anaitwa maku. Akina mama ndio wachimbaji, wanaangalia ardhi ilivyopasuka juu ya mzizi, wanapiga kwa fimbo ya chuma, wanakata mzizi, huyo hapo. Unamla mbichi au unambiringisha kwenye majivu ya moto. Wa majivu ana ngozi kama ya kuku wa kuchoma na ndani ni kama yai la kuvuruga lenye harufu ya karanga. Mjomba alikula wawili. Wa mbichi alimkataa kwa adabu, akasema amefunga. Jumatano hiyo.

Kuna na tjala, sisimizi wa asali, tumbo lake limejaa asali kama shanga ya rangi ya kahawia. Hao ndio nitawasafiria tena.

Ila nilichokipenda kuliko vyakula ni kata. Mama mmoja kwenye kituo cha utamaduni alionyesha jinsi walivyokuwa wanabeba maji na nafaka kwa piti, bakuli la mti, kichwani, na chini yake wanaweka duara lililosokotwa kwa nywele na nyuzi, manguri. Mjomba akavua kofia, akachukua kanga yangu, akaisokota kata ya ndoo, akaiweka kichwani. Yule mama akacheka mpaka akakaa chini. Hawakuwa na lugha moja hata ya kusalimiana, maana mjomba alikuwa amejifunza neno moja tu siku nzima: wiya, yaani hapana. Alilipenda. Mpaka leo kule Tanga anawajibu wajukuu "wiya".

Mzee wa Sinia

Nami nichangie kwa aibu. Nilikuwa Sydney kikazi mwaka juzi, nikanunua bumerangi na filimbi ile ndefu kwenye duka moja karibu na bandari, jina silitaji. Ina nukta nukta nzuri. Nikawapa watu zawadi, nikajisifu nimeunga mkono wasanii. Kurudi nyumbani binti yangu akabandua stika chini: imetengenezwa Indonesia.

Muuguzi wa Jangwani

Pole mzee wangu, si wewe peke yako. Tume ya serikali yao ilichunguza ikatoa ripoti 2022 kuwa zaidi ya nusu ya hizo zawadi za utalii ni feki. Mwaka 2019 mahakama iliitoza kampuni ya Birubi Art faini ya dola milioni 2.3 kwa kuuza vitu kama hivyo vikiwa na maneno ya kumfanya mtu aamini vimetengenezwa na Waaborijini. Kampuni ilikuwa tayari imeshafilisika, kwa hiyo hesabu mwenyewe.

Nunua kwenye vituo vya sanaa vinavyomilikiwa na wasanii wenyewe. Uluru kuna Maruku. Kila kazi inakuja na karatasi: nani kachora, kabila gani, hadithi gani. Na zile nukta unazoziona zina historia. Uchoraji wa nukta kwenye mbao na turubai ulianzia Papunya, magharibi ya hapa, mwaka 1971. Mwanzoni wachoraji walionyesha wazi mambo ya ibada, wazee wa sehemu nyingine wakaja juu, na inaelezwa nukta zikaanza kutumika kufunika yale yasiyotakiwa kuonekana. Yaani umening'iniza sebuleni pazia la mtu.

Na hiyo filimbi ndefu, didgeridoo, ni ya kaskazini, watu wa huko, Wayolngu, wanaiita yidaki. Huku jangwani haikuwa yetu. Nimesema "yetu", nisameheni, miaka sita imeniingia.

Mswahili wa Kilwa Masoko

Dada, umetaja Wayolngu nikainuka kitini. Kuna zile sarafu. Mwalimu wetu wa historia alituambia sarafu za Kilwa zimeokotwa Australia, sisi tukasema mwalimu amezidisha. Ni kweli?

Muuguzi wa Jangwani

Ni kweli tupu. Mwaka 1944, wakati wa vita, askari mmoja wa rada aliyekuwa visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa ya Arnhem Land, aliokota sarafu tisa mchangani. Nne za Kiholanzi, tano za shaba za masultani wa Kilwa. Alizihifadhi tu, mpaka 1979 ndipo zikapelekwa makumbusho zikatambuliwa. Zilifikaje, wasomi bado wanabishana.

Ila Wayolngu hawakuwa wageni wa biashara ya bahari. Miaka mingi kabla serikali haijafunga njia hiyo, karibu na mwaka 1907, mabaharia wa Makassar walikuwa wanakuja kila musimu na pepo za kaskazi kuvua jongoo bahari, wanakaa miezi, wanaondoka na pepo zikigeuka. Jongoo bahari huyu huyu anayekaushwa pwani yetu kwa soko la Wachina. Mpaka leo Wayolngu pesa wanaiita rrupiya. Mtu wa Kilwa anahitaji tafsiri hapo?

Kwenda huko ni kazi lakini. Arnhem Land yote ni ardhi ya wenyeji, unaomba kibali mapema. Njia rahisi kwa mgeni ni kwenda kijiji cha Gunbalanya ukitokea hifadhi ya Kakadu, kipindi cha kiangazi, Mei mpaka Oktoba, ukapanda kilima cha Injalak na kiongozi wa hapo kuona michoro ya mapangoni. Unavuka mto kwenye kivuko cha Cahills ambacho mamba wanakaa kukusubiri, si utani. Au uende Garma, tamasha la Wayolngu, mwezi Agosti, linafanyika tangu 1999.

Mswahili wa Kilwa Masoko

Rrupiya! Mwalimu wetu ameshatangulia, Mungu amrehemu. Kesho nakwenda kwa mwanawe kumpa habari hii.

Binti Mwerevu

Dada naja na watoto wawili mwezi wa kumi na mbili, shilingi yangu ni ya kubana. Niende wapi?

Muuguzi wa Jangwani

Mdogo wangu, Desemba jangwani usilete watoto. Joto likitabiriwa kufika nyuzi 36 njia nyingine zinafungwa kuanzia saa tano asubuhi, na nzi watawatafuna wazima wazima. Njoo Juni au Julai, asubuhi baridi kali ila mchana raha. Kiingilio Uluru nililipa dola 38 kwa siku tatu, watoto bure, matembezi ya Mala bure, kituo cha utamaduni bure. Kilicho ghali ni kulala. Beba hema.

Kama Desemba ni lazima, baki Melbourne au Sydney. Pale katikati ya jiji kuna matembezi ya saa moja na nusu na viongozi wa Kiaborijini kando ya mto au bandari, watoto wanaonyeshwa mimea. Mossman Gorge kule kaskazini ya Cairns ni pazuri sana pia, Wakuku Yalanji wanakufukiza moshi wa majani kwanza kabla ya kuingia msituni, mjomba angesema udi na ubani. Lakini Desemba kule ni mvua na vimbunga, kwa hiyo na hapo subiri.

Mla Embe

Uzi umenoga ila hauna picha. Dada tupia hata moja ya ile sehemu yenye kibao, tuone kuna nini. Hawatajua.

Omwana wa Kashozi

Wiya, mkuu.